Harage lina kitovu: namna ya kumfundisha mtoto mdogo jinsi mbegu inavyoota

Swali: Ninafundisha darasa la awali lenye watoto 24, wa miaka minne hadi sita. Muhula uliopita tuliotesha maharage kwenye vikopo vyenye pamba. Karibu nusu yalioza. Yaliyoota yakarefuka, yakapauka, kisha yakafa. Mwishoni niliwauliza mmea unahitaji nini, wakajibu kwa sauti moja: “Maji, hewa na mwanga wa jua!” Nilifurahi, mpaka mmoja aliponiuliza: “Mwalimu, harage si limekufa? Kitu kilichokufa kinaotaje?” Sikuwa na jibu. Safari hii nataka nifanye vizuri zaidi. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, anzia hapohapo kwenye swali la huyo mtoto. Katika darasa zima ni yeye aliyekuwa anaifikiria mbegu yenyewe. Wenzake walikuwa wanakariri, tena walichokariri kinahusu mmea uliokwisha kuota. Harage halihitaji mwanga ili liote. Litaota hata kabatini penye giza totoro. Kwa hiyo lile jibu lililokufurahisha lilikuwa na kosa ndani yake, na swali lililokukwamisha ndilo lilikuwa linagusa kiini cha somo.

Jiweke kwenye nafasi yake. Mtu mzima anamwekea mkononi kitu kigumu, kikavu, kisichotikisika, kinacholia “ka!” kikidondoka sakafuni. Kwake kina tofauti gani na kokoto? Mwanasaikolojia Jean Piaget aliandika kuhusu jambo hili tangu miaka ya 1920: kwa mtoto mdogo, kilicho hai ni kile kinachokwenda. Ndiyo maana atakwambia wingu lina uhai, jua lina uhai, na mti hauna. Mpaka alione harage kuwa ni kitu hai, yote utakayomweleza kuhusu maji na hewa yatakuwa maelekezo ya kazi tu, kama mtu anayefundishwa kupika chakula asichokijua.

Ndiyo sababu ninawashauri walimu wasipande chochote siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya kufungua.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, loweka maharage makubwa ya kutosha, mawili kwa kila mtoto na ya akiba pembeni. Usiku mmoja unatosha; ukiyaacha kwenye maji siku nzima na zaidi yataanza kukosa hewa. Asubuhi mpe kila mtoto harage moja kavu na moja lililolowekwa, halafu nyamaza. Ukimya huu ni mgumu kwetu walimu, lakini uvumilie. Watayapima kwa viganja, watayanusa, watayagonga mezani. Watakuambia wenyewe kwamba hili lililolowa ni kubwa, zito, linateleza, na kwamba ganda la jingine lililolowa limejikunja kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini. Lililolowa linaweza kufikia uzito wa karibu mara mbili ya lilivyokuwa kavu. Hawahitaji tarakimu hiyo. Viganja vyao vimeshaipata.

Kisha waoneshe upande ule uliobonyea wa harage. Kuna alama ndogo pale, kama jicho la duara refu. Hapo ndipo harage lilipokuwa limeshikamana na ganda la mama yake, likilishwa kupitia kijiuzi kidogo mpaka likakomaa. Kwa maneno mengine, ni kitovu. Silitumii neno hilo kwa kuwafurahisha watoto tu. Kazi ya kile kijiuzi inafanana kweli na kazi ya kitovu cha mwanadamu, na kovu lililobaki linatokana na sababu ileile. Ukilisema, darasa zima litainua mashati. Waache wainue. Mtoto aliyekwisha kulinganisha kitovu chake na cha harage hawezi tena kuliona harage kama kokoto.

Karibu na kitovu hicho pana tundu dogo mno. Chukua harage lililolowa, lipanguse vizuri, kisha libane taratibu kati ya vidole viwili. Utaona kitone cha maji kikichomoza pale. Ni njia mojawapo ambayo maji huingilia.

Sasa wavue ganda kwa kucha. Linatoka kama soksi. Ndani kuna vipande viwili vinene vilivyolala pamoja. Waambie wavitenganishe polepole, kama mtu anayefungua kitabu kidogo. Kwenye kipande kimoja, pembeni, kitabaki kitu kidogo cheupe, pengine kidogo kuliko punje ya mchele. Hapa toa kioo cha kukuzia kama unacho. Upande mmoja kina ncha: huo ni mzizi. Upande wa pili kuna majani mawili yaliyokunjwa, madogo ajabu, na ukitazama kwa makini utaona hata mishipa yake. Mmea wote uko humo, tayari, tangu kabla mtu yeyote hajamwaga tone la maji.

Nimeshuhudia ufunguzi huu mara nyingi sana, na bado nashikwa na hisia kila mtoto anapoona yale majani. Kuna msichana mmoja wa miaka mitano aliyelifunga tena harage lake kwa vidole, akalifunika kwa kiganja, akanong'ona: “Ana usingizi.” Sikumsahihisha. Mbegu kavu iko hai kwa namna ya utulivu: shughuli za uhai ndani yake zimepungua mno, hazijaisha. Maji yanapoingia, vimeng'enya vinaamka, akiba ya wanga na protini inaanza kuvunjwavunjwa kuwa chakula chepesi, mbegu inaanza kupumua kwa nguvu. Usingizi ni tamathali nzuri kwa umri wao, na haidanganyi.

Na vile vipande viwili vinene? Ni kotiledoni. Watoto hawana haja na jina hilo. Waambie ni ghala, ni chakula kilichofungwa kwa ajili ya safari. Wazo hili litawasaidia baadaye, vipande hivyo vinene vitakaponyauka na wao kudhani mmea unaumwa.

Sasa turudi kwa mtoto wako. Anauliza kama kitu kilichokufa kinaota. Usimjibu. Pika maharage machache wewe mwenyewe, yachemke hasa, uyaache yapoe. Waambie watoto waziwazi: haya yamechemshwa, haya hayakuchemshwa. Otesha makundi yote mawili kwenye vyombo viwili vinavyofanana, mahali pamoja, kwa maji sawa. Waulize kila kundi litafanya nini, na uandike majibu yao ukutani pamoja na majina. Baada ya siku nne au tano maharage yaliyochemshwa yatakuwa yamelainika na kunuka, na yale mengine yatakuwa yametoa mizizi. Hapo atakuwa amejibiwa na maharage yenyewe: kilichokufa hakioti. Hata kuoza, ambako muhula uliopita kulikuharibia somo, safari hii kunakuwa sehemu ya ushahidi. Ukishamaliza kuwaonesha, toa chombo hicho nje kabla ukungu haujatanda.

Kuhusu hayo ya muhula uliopita, nadhani najua kilichotokea. Pamba iliyolowa chepechepe huziba hewa. Mbegu inayoamka inahitaji oksijeni kama wewe na mimi, na ikizama majini inakosa pumzi, inakufa, kisha inaoza. Watoto nao hupenda kumwagilia. Vikopo 24 vyenye mikono 24 ya kumwagilia haviwezi kupona. Tumia chombo cha kioo au plastiki angavu. Kizungushie ndani karatasi nzito inayonyonya maji, ujaze katikati kwa karatasi zilizokunjwa ili ile ya nje ikae imebana ukutani. Penyeza maharage kati ya karatasi na ukuta wa chombo, nusu ya kimo, yaonekane kutoka nje. Weka maji ya kina cha sentimita moja au mbili chini kabisa, yasiyaguse maharage. Karatasi itayapandisha yenyewe. Kipimo cha unyevu ni kitambaa kilichokamuliwa: ukigusa unahisi ubaridi, ila hakidondoki. Joto la nyuzi 20 hadi 30 linafaa sana.

Tena, usimpe kila mtoto kikopo chake. Najua walimu wengi wanalipenda hilo, na watoto pia, mpaka siku ambayo cha mmoja hakioti. Nimeona mtoto akilia kwa kuamini mkono wake ni mbaya. Chombo kimoja kwa watoto wanne, chenye maharage matano au sita, kinatosha. Lisipoota moja, yapo mengine, na yote ni yao.

Weka pia mbegu za kuchimbuliwa. Watoto wa umri huu hawawezi kungoja bila kufukua, na mimi siwalaumu, maana kufukua ni kutaka kujua. Jaza boksi udongo, panda maharage kumi na mawili kwa mstari, na kila asubuhi mruhusu mtoto mmoja afukue moja tu. Litazameni, mlichore, mliweke mezani pembeni ya la jana. Baada ya wiki moja mtakuwa na mstari unaosimulia kila kitu: lililovimba, lililopasuka ganda, lenye mzizi kama kijino, lenye mzizi mrefu wenye vinyweleo, lenye shingo iliyopinda.

Nimesema kijino kwa makusudi. Kiswahili kimetupa zawadi hapa. Mbegu inaota, na jino nalo linaota. Darasani kwako lazima wapo wenye mapengo, na yupo anayetikisa jino kwa ulimi sasa hivi. Mwambie aguse pale jipya linapochomoza. Jino lilikuwa wapi kabla hujaliona? Ndani. Mzizi ulikuwa wapi? Watafika wenyewe. Jiandae tu kwa atakayeuliza kama harage lilipoota liliota ndoto gani. Mwache akuchoree ndoto hiyo.

Mzizi utachomoza siku ya pili hadi ya nne, siku zote ukitangulia. Wengi watakuwa wametabiri jani, kwa sababu jani ndilo wanalolijua. Waulize kwa nini mzizi uwe wa kwanza, usikilize. Kati ya siku ya tano na ya nane shina litapanda likiwa limejipinda kama mtu aliyeinamisha kichwa kupita mlango mfupi. Kwenye udongo, mgongo huo ndio unaosukuma, majani machanga yakifuata nyuma bila kuchubuka. Ukiwa na nafasi, otesha mahindi sambamba na maharage. Hindi halijipindi: linatoka wima na ncha kali iliyovikwa ala, na punje yake inabaki chini, ilhali harage linapanda juu na ghala lake. Hizo ni njia mbili za kutatua tatizo moja, na watoto wataziona bila msaada wako.

Kuna jaribio moja ambalo, kama muda wako ni mfupi, ningekuomba uache mengine yote ulifanye hilo. Mizizi ikifika kama sentimita mbili, kilaze chombo kimoja ubavuni, karatasi ikiwa na unyevu wa kutosha. Kesho yake ncha za mizizi zitakuwa zimegeuka kuelekea chini, na mashina, kama yameshatoka, yatakuwa yamejikunja kuelekea juu. Kirudishe wima, zitageuka tena, na mzizi utabaki na kona kama herufi. Mtoto aliyesema mmea hauna uhai kwa kuwa hauendi atakuwa ameona kitu kikienda, kwa mwendo wake. Mwanasayansi Charles Darwin na mwanawe Francis walilichunguza jambo hili na kulichapisha mwaka 1880, wakaonesha kwamba ncha ya mzizi ndiyo inayohisi. Leo tunajua kuwa ndani ya seli za ncha hiyo mna chembe nzito za wanga zinazozama kuelekea chini, na kwa hizo mzizi unatambua uelekeo. Hayo ni yako, ukiulizwa. Kwao inatosha: mzizi unajua chini ni wapi, hata ukiugeuza.

Suala la mwanga lije mwisho, likiwa peke yake. Chombo kimoja kiwekwe kabatini tangu mwanzo. Watabashiri kwamba hakitaota, na hapo ndipo wanaponoga, kwa kuwa kitaota, tena mashina yake yatakuwa marefu kuliko ya dirishani, ya njano na dhaifu. Ndiyo ile miche yako ya muhula uliopita! Ilikuwa inautafuta mwanga kwa chakula cha ghalani, ghala likaisha, na pamba haina madini ya kuisaidia. Itoe miche ya kabatini uiweke kwenye mwanga. Ndani ya siku moja au mbili itaanza kuwa kijani. Kisha ihamishieni yote kwenye udongo majani ya kwanza halisi yakishafunguka. Msisubiri zaidi.

Hapo kwenye udongo, chunga ulimi wako. Usiseme mmea “unakula udongo”, wala usiite mbolea “chakula cha mmea”. Sentensi hizo hukaa kichwani hadi sekondari. Mwanasayansi wa zamani, Jan Baptista van Helmont, alipanda mche wa mti kwenye chungu chenye udongo mkavu aliokwisha kuupima, kama kilo 90, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti uliongezeka kutoka kilo mbili na kitu hadi kilo 76 hivi, na udongo ukapungua gramu zisizofika 60. Maelezo yake yalichapishwa 1648, yeye akiwa ameshafariki. Alihitimisha kuwa mti wote ni maji, na hapo alikosea, kwani sehemu kubwa ya mwili wa mmea, ukiondoa maji, inatokana na hewa ya ukaa inayoingia kupitia majani. Lakini alikuwa amethibitisha kwamba udongo hauliwi. Sikuombi ufundishe usanisinuru kwa watoto wa miaka mitano. Sema tu: mizizi inakunywa maji yenye madini kidogo, na majani yanajitengenezea chakula juani.

Ya usalama ni machache ila usiyapuuze. Maharage mabichi yana sumu inayoumiza tumbo, kwa hiyo hakuna kuonja. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi zina dawa. Zisiingie darasani kabisa, wala mbegu za mbarika, ambazo ni sumu kali. Hesabu maharage unapogawa na unapokusanya. Harage lililoingia puani au sikioni huvimba kwa unyevu, na kulitoa si kazi ya mwalimu.

Badala ya rula, tumia vipande vya karatasi. Kila baada ya siku mbili kata ukanda wenye kimo sawa na mmea, ubandike ukutani kando ya uliotangulia. Baada ya wiki tatu ukuta wenyewe utawaonesha wapi mmea ulienda mbio na wapi ulitulia. Michoro yao usiisahihishe. Akichora macho kwenye harage, muulize ameona nini. Mara nyingi atakuwa amekuchorea kitovu.

Na usiishie kwenye mche. Hili ndilo ninalolisikitikia zaidi katika somo hili tunavyolifundisha: jani la tatu likitoka tunafunga mada, na mtoto anabaki akiamini kuwa mbegu zinatoka dukani. Aina fupi za maharage, zisizohitaji mti wa kupandia, huchukua kama miezi miwili hadi mitatu tangu kupandwa hadi maganda kukauka. Mimea mitatu au minne ikiwa kwenye debe lenye udongo mzuri, mahali penye jua, inatosha darasa zima. Wataona ua, wataona ua likidondoka na kijiganda chembamba kama sindano kikibaki mahali pake.

Ganda moja livunje likiwa bado bichi. Lipasue polepole kwenye mshono mbele yao. Ndani maharage yamepangana, na kila moja limeshikwa na kijiuzi chake kwenye ganda, palepale penye kitovu. Wape muda mrefu hapo.

Maganda mengine yaache yakauke kwenye mmea mpaka yalie yakitikiswa. Yakoboeni, myahesabu ya kila mmea: mlipanda moja, mmepata mangapi? Kisha mtafute yule mtoto wako, umpe moja mkononi, gumu, kavu, lisilotikisika, umuulize kama limekufa. Usimsaidie kujibu.